Kompyuta Isiyo na Feni

Kaka yangu mkubwa ana tabia ya kuingia nyumbani kwa Mama akitazama dari kabla ya kutazama watu. Anatafuta ufa. Akiupata anashusha pumzi, ndipo anasalimia. Jumapili ile aliupata juu ya mlango wa jikoni, akasalimia, akamuuliza Mama nyonga inaendeleaje. Mama alipokwenda chumbani kujinyoosha, Kaka alinigeukia kana kwamba ufa ule nimeuchora mimi kwa mkono wangu.

"Mama anakaa hapa kama mfungwa," alisema. "Wewe unatoka asubuhi, unarudi jioni. Mchana kutwa anafanya nini? Anakodolea macho ukuta."

"Anasikiliza redio."

"Redio." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. "Kwangu kuna chumba chake, kuna runinga kubwa ya ukutani, kuna watu. Mke wangu yupo nyumbani muda wote. Namchukua. Hii nyumba tunaweka wapangaji."

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini kilichonichoma siku ile si habari ya wapangaji, ni lile "namchukua", kama vile anazungumzia kabati. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hoja alikuwa nayo. Tangu nyonga imharibikie, Mama alikuwa havuki geti. Runinga yetu ilikuwa haipokei stesheni hata moja tangu mitambo ya matangazo ibadilishwe, ikabaki kuwa meza ya picha za harusi. Zaidi ya mara moja nimerudi kazini nikamkuta ameketi kimya, redio imeisha betri, na yeye hana habari.

"Kama shida ni cha kutazama," nilisema, "nitamwekea cha kutazama. Sinema, nyimbo, vyote. Humu humu ndani."

"Kwa kutumia nini?"

"Niachie mimi."

Alicheka. Kaka akicheka, mabega hayatikisiki; inacheka pua peke yake. "Haya. Nakuja mwisho wa mwezi. Nikimkuta ana kitu cha maana cha kutazama, sitasema tena. Nikimkuta na ukuta wake, naondoka naye, na wewe hutafungua mdomo."

"Sitaufungua," nilisema. Tukapeana mikono kabisa, pale kwenye kizingiti cha jikoni, kama watu wanaouziana baiskeli.

Alipoondoka tu, jasho likanitoka. Kununua kitu kipya lilikuwa jambo la kusahau. Mimi ni keshia kwenye duka la dawa. Mshahara wangu unafika nyumbani ukiwa umeshachoka.

Lakini duka lile lile ndilo lililonipa pa kuanzia. Wiki hiyo walikuwa wamebadilisha kompyuta za kaunta, na zile za zamani zimerundikwa kwenye boksi karibu na ndoo ya taka. Nilizifahamu vizuri. Ni visanduku vyeusi vyenye unene wa kamusi, visivyo na feni wala mlio. Mgongo mzima ni mapezi ya bati, na joto linatokea hapo. Kwa miaka yote kazi yao ilikuwa moja, kutoa risiti. Nilimuuliza mfamasia kama naweza kuchukua moja.

"Chukua," alisema. "Itakufaa kuzuia mlango usigongwe na upepo."

Nikachukua na kibodi yake ndogo, ile ya namba tupu, kwa sababu ilikuwa juu ya boksi na kwa sababu nilikuwa nimekasirika.

Mtaani kwetu kuna fundi wa simu na redio anayeitwa Fundi Kesho, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Aliigeuza geuza mashine yangu, akafungua skrubu, akachungulia, akanionea huruma waziwazi.

"Dada, hii haichezi sinema. Hii inajua dawa ya mafua tu."

"Sikukuuliza inajua nini. Nimekuuliza inafundishika?"

"Kumbukumbu yake kiduchu. Diski yake haitoshi hata picha za kipaimara. Na prosesa, ah, hii imekuwa ikisinzia tangu siku ilipozaliwa." Akairudishia kifuniko. "Niachie. Pita kesho."

"Sipiti popote," nilisema, nikavuta stuli, nikakaa.

Mtu akikaliwa kooni anafanya kazi. Alichomoa kipande cha kumbukumbu kwenye laptopu iliyomwagikiwa chai, akakipachika kwenye yangu, nacho kikakubali. Mfumo wa duka la dawa aliufuta wote, bei za vidonge na majina ya wagonjwa vikaenda na maji. Mahali pake akaweka mfumo mwepesi, wa bure, usiotaka makuu, unaowaka na kukuletea orodha ya sinema na nyimbo basi. Diski kubwa ya laptopu ile ile tuliitia kwenye ganda la plastiki na kuiunganisha kwa waya. Upande wa runinga bahati ilitusimamia, kwani ilikuwa na tundu la kuchomekea kompyuta nyuma yake, ambalo tangu tuinunue lilikuwa nyumba ya buibui.

Jumapili iliyofuata tuliweka sinema mpya kwa majaribio. Ilikuwa aibu. Picha ilitembea kama mtu anayevuka matope, na mdomo wa mwigizaji ulikuwa bado unafunguka wakati sauti imeshamaliza sentensi na kwenda zake.

"Nilikwambia," alisema Fundi Kesho.

"Nieleze kwa nini, usiniambie uliniambia."

Akanieleza, na siku ile nilimheshimu. Sinema za siku hizi, alisema, zimekunjwa sana ili zisichukue nafasi. Kuzikunjua kunataka mashine yenye nguvu, na hii nguvu hiyo haina na haitaipata. Zile za zamani zimekunjwa juu juu, hii inazikunjua bila kutoka jasho. "Ipe vya rika lake," alisema. "Usiilazimishe kucheza na watoto."

Basi nikarudi kumuuliza Mama angependa kutazama nini cha zamani. Moyoni nilishamchagulia, kwaya na zile sinema za mapenzi ambazo watu wanaimbiana kwenye bustani.

"Ndondi," alisema Mama.

"Ndondi?"

"Ngumi. Watu wawili, kamba, refa. Ulidhani nitataka mapishi?"

Kabla nyonga na uzee havijamkalisha, Mama alikuwa opereta wa simu kiwandani. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba mlinzi wa pale alikuwa na redio, na pambano likitangazwa aliiweka dirishani kwake makusudi. Mama akawa anaunganisha simu za mabosi kwa sikio la kulia na kufuata ngumi kwa sikio la kushoto. Mabondia wote wa enzi zake anawajua kwa majina, na hakuwahi kumwona hata mmoja akirusha mkono. Baba alikuwa akisema mwanamke hatazami mambo kama yale. Mama alimzika mumewe, akastaafu, na bado alikuwa hajaona.

Nilijisikia vibaya, kisha nikajisikia vizuri, kisha nikakimbilia kwa Fundi Kesho. Alikuwa na gunia la diski kutoka duka la kukodisha sinema lililofungwa zamani. Hakuna aliyezitaka. Tulizipekua alasiri nzima, tukifuta vumbi kwa mikono ya mashati yetu, na ndondi zilikuwamo tele. Tulizinakili moja moja. Zile zilizokwaruzika zilitubembelezesha, lakini zikakubali.

Na kisanduku changu cha mafua kikazicheza. Bila kukwama, bila mlio, huku mwanga wake mdogo wa kijani ukiwaka kwa utulivu. Niliruka ruka pale sebuleni mpaka Mama akaniuliza kama nina siafu.

Lilibaki jambo la kuiongoza. Kipanya Mama hakukitaka hata kukisikia. Alisema mshale unamkimbia na yeye hana nyonga ya kuufukuza. Ndipo nikaikumbuka ile kibodi ya namba. Nilimwekea mapajani. Alikunja vidole, akaviweka juu ya funguo bila kutazama, akakunja uso.

"Hizi namba zimesimama kichwa chini."

Alikuwa sahihi. Kwenye simu, moja iko juu. Kwenye mashine za hesabu za dukani, juu kuna saba. Mimi nilikuwa nimezibonyeza miaka yote bila kuona tofauti, lakini vidole vya Mama vilikuwa vimefundishwa kazi moja, tena kwa bidii, na havikuwa tayari kuanza upya kwa ajili ya duka la dawa. Basi nilibandua vitufe kwa ncha ya kisu cha mezani, safu ya juu nikaishusha, ya chini nikaipandisha, kisha nikaielewesha kompyuta kwamba saba sasa ni moja. Ikaniletea ukaidi. Nikaiambia tena.

"Moja ni ndondi," nilimwambia Mama. "Mbili ni nyimbo. Tatu, sinema. Sifuri, zima."

Alifumba macho, akabonyeza moja. "Nakuunganisha," alisema, kwa sauti ya kiofisi ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba na yenye amri, na ulingo ukatokea kwenye kioo.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa narudi kazini namkuta ameketi ukingoni mwa kiti, ngumi zimekunjwa, anamfokea mtu aliyepigwa kabla mimi sijazaliwa. "Mkono wa kushoto huo unaulindia nini, mayai?" Jirani alikuja kuuliza kama tuna ugomvi. Mimi kichwa kikanivimba. Nilianza kuhesabu maneno ambayo Kaka angeyameza, na nikawa naona kabisa uso wake wakati wa kuyameza.

Siku yenyewe alikuja na mkewe, wifi yangu, mtu mpole anayezungumza kama anaomba msamaha. Walikuja na begi jipya la magurudumu. Lilipogonga kizingiti nilisikia kwamba ni tupu.

Mama alikuwa amevaa vizuri. Alikuwa ameomba aachwe aandae sebule mwenyewe, na akaiandaa anavyoandaa siku zote wageni wanapokuja. Vitambaa vyake vyeupe alivyofuma kwa mkono vilikuwa kila mahali, kwenye migongo ya viti, juu ya redio, juu ya jagi la maji. Niliviona, na sikuwaza chochote. Katika nyumba ile hata feni ya mezani ilivalishwa.

"Haya," alisema Kaka, macho yakiwa kwenye runinga. "Tuone."

Mama alibonyeza moja bila kutazama. Pambano likaanza. Kaka alisimama amekunja mikono kifuani, uso wa mkaguzi. Raundi ya kwanza ikapita. Raundi ya pili mikono ilikunjuka. Ya tatu alikuwa ameinama mbele, na mmoja wa mabondia alipoyumba kwenye kamba, nilimsikia akivuta pumzi. Nikamkonyeza Mama. Nilikuwa nimeshinda, nilikuwa nahesabu ushindi wangu.

Kisha picha ikaanza kujikokota. Ngumi ikakwama hewani, ikasogea kidogo, ikakwama tena. Sauti ikakatika vipande vipande. Kioo kikawa cheusi.

Mama alibonyeza moja. Alibonyeza tena. Hakukutokea kitu.

Kaka hakucheka. Ingekuwa nafuu angecheka. "Umejitahidi," aliniambia, kwa upole wa mtu anayempa pole mfiwa. "Kwa takataka, umejitahidi sana."

Niliinama nyuma ya runinga, na nilipotia mkono niligusa uzi. Kitambaa kikubwa kuliko vyote, kile cha sherehe, chenye mashada pembeni, kilikuwa kimekunjwa mara mbili na kuzungushiwa kile kisanduku vizuri, kikachomekwa chini ili vumbi lisiingie. Ndani yake mashine ilikuwa ya moto kama pasi. Haina feni, haina tundu. Inapumulia mgongo, na mgongo umevishwa sweta.

Ningeweza kusema, "Mama ameifunika," na ingekuwa kweli. Lakini nilijua Kaka angeisikiaje. Angetazamana na mkewe, angeshusha sauti, angesema mtu wa umri huu haachwi peke yake na vitu vya umeme. Angelisema mbele ya Mama, kana kwamba hayupo. Nilikikunja kitambaa haraka, nikakibana kwapani, nikasimama.

"Ni mashine," nilisema. "Ni mbovu. Ni kosa langu."

"Basi tumemaliza," alisema Kaka. "Mama, chagua nguo za kuanzia, mke wangu atakusaidia kupanga. Nyingine nitazifuata mwenyewe."

Wifi alilishika begi mkono, lakini hakulisogeza.

"Hicho ulichokwapua," Mama aliniambia, "si kitambaa changu?"

Shada moja lilikuwa linaning'inia chini ya kwapa langu.

"Nimeifunika mimi," Mama alimwambia Kaka. "Wageni wakija, vitu vinafunikwa. Nimefundishwa kila kitu cha mashine ile isipokuwa kwamba inapumulia mgongoni."

"Mama, hakuna anayekulaumu..."

"Sijasema unanilaumu. Nimesema nimeifunika. Sasa kaa."

Kaka ana watoto wakubwa na ofisi yenye mlango wake. Alikaa.

"Siku ile mlisimama pale jikoni mkapeana mikono," alisema Mama. "Nyonga yangu ndiyo mbovu. Masikio ni mazima. Maisha yangu yote nimelipwa mshahara kwa kusikia watu wanaoongea mahali nisipokuwapo." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Niliwasikia mpaka mwisho. Nikasema moyoni, nitangoja, mmoja wao atakuja kuniuliza. Huyu amekuja kuniuliza nataka kutazama nini. Wewe hata hilo hukuuliza."

Nilijiona nimenyooka mgongo.

"Na wewe usitabasamu," alisema bila kunitazama. "Umenicheza kamari. Kisanduku kikiwaka nabaki, kikizima nakwenda. Mimi nani, kuku wa bahati nasibu?"

Uso uliniwaka. Nilitaka kumwambia nilivyohangaika, stuli ya Fundi Kesho, gunia la vumbi, vitufe na kisu. Yote yalikuwa kweli, na hayakujibu alichosema. Nilikuwa nimekasirikia "namchukua" ya Kaka, kisha nikampa mkono na kuweka nyumba ya mtu mwingine mezani. Nilikuwa nimepigania haki ya Mama kubaki kwake kama vile haki hiyo ni ya kutafutwa. Niliona aibu, na hasira yangu, kwa mara ya kwanza katika mwezi ule mzima, haikuwa na pa kwenda.

"Nyumba hii nimeijenga kwa sikio hili," alisema Mama, akijigusa. "Simu moja, tofali moja. Baba yenu alileta mabati, mengine yote ni mimi. Nikitaka kutazama ndondi humu ndani, nitatazama. Nikitaka kutazama ukuta, nitautazama. Ni ukuta wangu."

Wifi aliachia mkono wa begi. "Nilimwambia akuulize, Mama," alisema kwa sauti yake ile ndogo. Kaka alimgeukia kana kwamba amepigwa kutoka upande ambao hakuulinda.

"Najua, mwanangu," alisema Mama. "Begi hilo linaziba njia."

Wifi akalisukuma hadi nje ya mlango.

Kaka alikuwa akitazama mikono yake. Alipoongea, sauti haikuwa ya mkaguzi. "Ukianguka je, Mama? Niko ofisini, simu inalia, naambiwa umeanguka na ulikuwa peke yako. Unajua nawaza hivyo kila siku? Simu ikilia tu."

Sikulijua hilo. Sikuwahi kudhani kwamba Kaka anaogopa kitu.

"Ukiwa na hofu, njoo," Mama alimwambia, na sasa alilainika kidogo. "Mlango unaujua. Njoo ukae, ule, uondoke. Lakini hofu yako si sababu ya kunifungasha mimi. Na bado hamjauliza."

Tulitazamana, mimi na Kaka, kama watoto walioulizwa nani amevunja kikombe. Nilifungua mdomo. Kaka alinyoosha kiganja kunizuia, na safari hii sikumbishia. Akakohoa, akavuta kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia ya Mama.

"Mama," alisema, "unataka kukaa wapi?"

Nyuma ya runinga mashine ilikuwa imepoa. Nilipobonyeza kitufe chake cha kuwashia, mwanga wa kijani ukawaka. Mama aliuona, akafumba macho, vidole vikatafuta mahali pake.

"Hapa," alisema, na akabonyeza moja.